Reko wa kijijini: namna malaria inavyotunzwa mbali na hospitali

Mtoto anaanza kuchemka mwili jioni. Usiku anakataa kunyonya. Asubuhi mama anataka kumpeleka kwa muganga, lakini kituo cha afya kiko mwendo wa nusu siku kwa miguu, mvua imenyesha na mto umejaa. Basi jamaa wanangoja kidogo. Wanamkanda na maji, wanamnywesha majani, wanamvunjia kipande cha kidonge kilichobaki tangu ugonjwa wa mwaka jana. Katika vijiji vingi vya Shabunda, Walikale, Punia ao Manono, hadithi hii inajulikana, na mara nyingi mwisho wake unajulikana pia.

Ni juu ya vijiji vya namna hiyo Kongo ilianza, tangu mwaka 2005, kufungua site za matunzo ya jamii. Kwenye site, mwenye kupima na kutoa dawa si daktari wala si muganga wa diploma. Ni mwanakijiji aliyefundishwa, ambaye watu wanamwita reko, kutokana na jina la Kifaransa relais communautaire. Makala hii inaeleza kazi yake, mipaka yake, na mambo yanayofanya kazi hiyo iokoe mtoto ao ishindwe.

Kwa nini masaa 24

Kongo ni nchi ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nigeria. Kwa hesabu za Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, kati ya wagonjwa wanane wa malaria duniani, karibu mmoja yuko Kongo. Na katika Afrika, watoto wasiofikisha miaka mitano ndio karibu robo tatu ya wote wanaouawa na ugonjwa huu.

Kimelea kinacholeta malaria nyingi ya kwetu kinaitwa Plasmodium falciparum. Mbu jike wa aina ya anofele anakiingiza mwilini wakati anapouma usiku. Kimelea kinakwenda kwanza kwenye maini, kisha kinaingia katika chembe nyekundu za damu na kuzaana humo. Kila masaa 48 hivi, kizazi kipya kinapasua chembe hizo na kuingia katika zingine. Ndiyo sababu damu inapungua haraka. Chembe zenye kimelea zinaganda pia katika mishipa midogo, hata ile ya ubongo, na hapo ndipo mtoto anaanza kupata degedege ao kupoteza fahamu.

Mtu mzima aliyeumwa malaria mara nyingi tangu utoto ana kinga kiasi fulani. Mtoto mdogo hana. Kwake, kutoka homa ya kwanza mpaka malaria kali, inaweza kuwa siku moja tu. Kwa hiyo waganga wanafundisha kwamba matunzo yaanze ndani ya masaa 24 tangu mwili kuwa moto. Mtu wa mjini anaweza kufuata shauri hilo. Lakini mtu anayeishi kilometa 20 na kituo cha afya, ng'ambo ya mto usio na daraja, hawezi kulifuata kama dawa yenyewe haikumkaribia.

Reko ni nani, na site inawekwa wapi

Kongo imegawanywa katika zone za afya zaidi ya 500. Kila zone ina hospitali yake kubwa, na inagawanyika katika aire za afya. Kila aire ina kituo cha afya chenye kuongozwa na muganga mkuu, yule ambaye wengi wanamwita IT. Chini ya kituo kuna vijiji, na ndani ya vijiji kuna mareko.

Mareko si wa aina moja, na jambo hili linachanganya watu. Wengi ni wa kuhamasisha: wanapita nyumba kwa nyumba, wanatangaza chanjo, wanaeleza namna ya kufunga mustikere, wanaandika waliozaliwa na waliokufa. Hao hawapimi wala hawatoi dawa. Reko wa site ndiye mwenye ruhusa ya kutunza, kwa sababu amefundishwa kwa kazi hiyo na anafuatwa na IT.

Kanuni ya kuweka site ni rahisi: kijiji kiwe zaidi ya kilometa tano kutoka kituo cha afya, ao kiwe karibu lakini kuna kizuizi kama mto, mlima ao kinamasi. Wanakijiji wenyewe wanachagua watu wao katika mkutano, kwa kawaida wawili kwa kila site, ili mmoja akienda shambani ao sokoni mwingine abaki. Mwenye kuchaguliwa lazima akae kijijini, ajue kusoma na kuandika, na aaminike. Wamama wanaombwa pia, kwa kuwa mama mwenye mtoto mgonjwa anafunguka kwa urahisi mbele ya mama mwenzake.

Baada ya mafunzo ya siku chache, na mazoezi kwenye kituo cha afya, reko anapewa sanduku. Ndani yake kuna vipimo vya haraka vya malaria, dawa za malaria, amoksisilini, maji ya chumvi na sukari ya pakiti, zinki, parasetamoli, saa ya kuhesabia pumzi, ukanda wa kupima mkono, glavu, chombo cha kutupia sindano, daftari, na karatasi za kutuma mgonjwa. Anaruhusiwa kutunza watoto wenye miezi miwili mpaka miaka mitano. Mtoto ambaye hajafikisha miezi miwili na ana homa, reko hamtunzi: anamtuma kituoni palepale.

Kipimo kwanza, dawa nyuma

Zamani kila homa iliitwa malaria, na kila malaria ilipewa kidonge. Tangu mwaka 2010, OMS inaomba kila mtu mwenye kushukiwa malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Kijijini hakuna darubini wala umeme, ndiyo sababu kipimo cha haraka, TDR, kilibadilisha mambo.

Reko anavaa glavu, anasafisha kidole cha mtoto, anachoma mara moja, anakamata tone moja la damu na kulitia katika kitundu cha kipimo. Kisha anatia matone ya maji maalum na kungoja. Kwa vipimo vingi, jibu linasomwa baada ya dakika 15 ao 20. Mstari mmoja kwenye alama ya C unaonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi na hakikuona malaria. Mstari kwenye C pamoja na T unaonyesha malaria, hata kama ule wa T ni mwepesi. Kama mstari wa C haukuonekana, kipimo kimeharibika, na lazima kupima upya na kingine.

Kuna jambo ambalo linaleta ubishi kila mara. Mtoto amemaliza dawa, amepona, anacheza, lakini mama anaomba apimwe tena ili ahakikishe. Reko anakataa, na mama anawaza kwamba anafichiwa vipimo. Sababu ni nyingine. TDR nyingi zinatafuta protini ambayo kimelea kinaiacha katika damu, na protini hiyo inaweza kubaki majuma kadhaa baada ya kimelea kufa. Kipimo kitaonyesha mistari miwili kwa mtoto mzima wa afya, na atapewa dawa asiyoihitaji. Kupona kunaonekana kwa homa iliyokwisha na mtoto anayekula.

Siku tatu, si mbili

Klorokini, ambayo wazee bado wanaikumbuka kwa uchungu wake, iliachwa Kongo mwaka 2001 kwa sababu kimelea kilikuwa kimeizoea. Tangu mwaka 2005 nchi inatumia dawa za mchanganyiko zenye asili ya artemisinini. Ya kwanza ilikuwa artesunati pamoja na amodiakini, ambayo inamezwa mara moja kwa siku, siku tatu. Baadaye iliongezwa artemeteri pamoja na lumefantrini, ambayo inamezwa mara mbili kwa siku, siku tatu. Hii ya pili inaingia mwilini vizuri zaidi kama mtoto amekula kitu chenye mafuta kidogo: maziwa, karanga, ao chakula chenye mawese.

Reko anatoa dozi ya kwanza mbele ya macho yake. Kama mtoto ametapika mara tu baada ya kumeza, anapewa tena. Dozi zilizobaki mama anaenda nazo nyumbani, na hapo ndipo hatari inaanza. Mara nyingi homa inashuka siku ya pili. Mama anaona mtoto amepona, anaweka vidonge vilivyobaki kwa ajili ya mdogo wake. Kwa kufanya hivyo, watoto wawili wanatunzwa nusu: wa kwanza anabaki na vimelea vyenye kuamka baadaye, wa pili atapewa dozi isiyotosha.

Kosa hilo lina uzito zaidi leo kuliko zamani. Rwanda, Uganda na Tanzania, nchi tatu zenye mpaka na Kongo, zimekwisha kuthibitishwa kuwa na vimelea vyenye kuanza kuizoea artemisinini. Dawa za mchanganyiko bado zinaponyesha. Lakini mbu na wasafiri hawaonyeshi pasiporti mpakani, na hakuna dawa nyingine nyingi nyuma ya hizi.

Kama TDR haikuonyesha malaria

Mtoto mwenye homa bila malaria bado ni mgonjwa, na reko mzuri anajulikana hapo. Anainua nguo ya mtoto na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa miezi 2 mpaka 11, pumzi 50 ao zaidi ni nyingi mno. Kwa mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitano, 40 ao zaidi. Mtoto mwenye kukohoa na kupumua haraka namna hiyo anatunzwa kama mwenye nimonia, kwa amoksisilini. Mwenye kuharisha anapewa maji ya chumvi na sukari pamoja na zinki. Kisha mkono unapimwa na ukanda: kama umefika rangi nyekundu, chini ya milimita 115, mtoto ana utapiamlo mkali na anatumwa kituoni.

Wazazi wengine wanakasirika wakiambiwa hakuna malaria. Wanaenda kwa muuza dawa wa sokoni, ambaye hapimi na hakatai kuuza. Ndiyo sababu mareko wanafundishwa kumweleza mama alichoona na afanye nini, na kumwomba arudi ikiwa homa inaendelea.

Dalili za hatari

Kazi kubwa kuliko zote ya reko ni kujua mtoto ambaye hapaswi kubaki kijijini. Dalili hizi kila mzazi anaweza kuzijua:

– mtoto hawezi kunyonya ao kunywa;
– anatapika kila kitu;
– amepata degedege;
– amelegea, analala mno, haamki vizuri ao amepoteza fahamu;
– kifua kinaingia ndani anapopumua;
– viganja vyake vimekuwa vyeupe, ishara ya kukosa damu;
– mkojo ni mweusi kama kahawa.

Dalili moja tu inatosha. Mtoto wa namna hiyo anahitaji sindano za artesunati, pengine damu na oksijeni, na vitu hivyo haviko katika sanduku la reko. Degedege la malaria watu wengi bado wanalichukua kama kazi ya wachawi ao ya ndege wa usiku. Jamaa wanaanza kwa mufumu, wanafika hospitalini siku ya tatu, na mtoto akifa wanasema hospitali ndiyo iliua.

Dawa ya njiani si dawa ya kuponyesha

Kwa watoto hao kuna artesunati ya kutia katika njia ya haja kubwa. Inatolewa kwa mtoto mwenye chini ya miaka sita ambaye ana malaria kali na hawezi kumeza. Utafiti uliofanywa Ghana, Tanzania na Bangladesh, na kutangazwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba inaweza kuokoa watoto ambao wanakawia kufika hospitalini. Matumaini yalikuwa makubwa.

Kati ya mwaka 2018 na 2020 dawa hiyo ilifuatwa kwa ukaribu katika maisha ya kawaida ya vijiji vya Kongo, Nigeria na Uganda. Upande wa Kongo, kazi ilifanyika katika zone za afya za Kwilu na Kwango. Matokeo yalishtua wengi: vifo havikupungua kama ilivyotazamiwa. Karibu mtoto mmoja kati ya watatu waliotumwa, upande wa Kongo, hakufika kwenye matunzo makubwa. Na kati ya waliofika, wengi hawakupewa matunzo yote hadi mwisho, yaani sindano na kisha vidonge vya siku tatu. Mwaka 2022 OMS iliomba nchi zisitishe kwanza kuieneza dawa hiyo. Mwaka uliofuata iliirudisha na maelekezo mapya, kwa sharti kwamba njia ya kumfikisha mtoto na matunzo ya hospitalini yawe yametengenezwa.

Funzo lake ni hili. Dawa ya njiani inashusha homa, mtoto anafungua macho, na jamaa wanaona safari haina maana tena. Lakini kimelea hakijaisha, na baada ya siku chache mtoto anaanguka upya. Reko anayetia dawa hiyo bila kumsukuma mama aanze safari saa ileile, amesogeza hatari mbele tu.

Panzi na Beni: malaria inapojificha

Mwishoni mwa mwaka 2024, dunia nzima ilizungumza juu ya ugonjwa usiojulikana katika zone ya afya ya Panzi. Si Panzi ya Bukavu: ni Panzi ya jimbo la Kwango, kilometa 700 hivi kutoka Kinshasa, kwa barabara ambayo wakati wa mvua inachukua siku mbili. Kati ya tarehe 24 Oktoba na tarehe 5 Desemba, wagonjwa 406 waliandikwa, na 31 kati yao walikufa. Wengi walikuwa watoto. Hakukuwa na uwezo wa kupima pale. Sampuli zilibidi zipelekwe Kikwit, zaidi ya kilometa 500. Mwishowe ilionekana kwamba hakukuwa na ugonjwa mpya. Ilikuwa malaria pamoja na magonjwa ya kupumua, kwa watoto ambao njaa ilikuwa imekwisha kuwadhoofisha. Yaani mambo yaleyale ambayo sanduku la reko limetengenezwa kuyaona: homa, pumzi na mkono mwembamba.

Beni ilikuwa imeona kitu cha namna hiyo mwaka 2018, wakati wa Ebola. Homa ya malaria na homa ya Ebola zinafanana mwanzoni. Watu wengi waliopokelewa kwenye vituo vya Ebola walikuwa na malaria tu. Mwezi Novemba mwaka huo iliandaliwa kampeni ya kuwapa dawa ya malaria watu mpaka 450.000, pamoja na mustikere, na watu wa afya ya jamii walipita nyumba kwa nyumba. Malaria ikipungua, Ebola inaonekana wazi zaidi.

Sanduku likiwa tupu

Vipimo na dawa vinatoka mbali: serikali, Mfuko wa Dunia, Unicef na wafadhili wengine wanavinunua, kisha vinashuka kutoka ghala la jimbo mpaka zone, kutoka zone mpaka kituo, na kutoka kituo mpaka kijiji. Kila hatua inaweza kukatika: barabara, vita, mafuta ya pikipiki, ripoti isiyotumwa. Mwaka 2025 iliongezeka sababu nyingine, wakati Marekani ilipokata sehemu kubwa ya misaada yake. Mpango wake wa malaria ulikuwa ukisaidia Kongo tangu mwaka 2011, pamoja na majimbo ya Katanga ya zamani.

Mama aliyetembea mpaka kwa reko mara mbili na kukuta sanduku tupu, mara ya tatu haendi. Anarudi kwenye majani na kwenye kipande cha kidonge. Ndiyo maana daftari la reko si makaratasi ya bure. Kituo kinahesabu kupitia daftari hilo ni TDR ngapi na dozi ngapi zimetumika, na ngapi ziagizwe. Reko asiyeandika anasababisha njaa ya dawa katika kijiji chake mwenyewe, na IT asiyepita kumwangalia anamwacha peke yake.

Tena kuna swali la mshahara. Kwa kanuni, reko ni mtu wa kujitolea. Anapata kitu kidogo wakati wa kampeni, pengine baiskeli, na kisha miezi inapita bila kitu. Lakini watu wanamwamsha usiku, na shamba lake linangoja. Mwaka 2018 OMS iliandika wazi kwamba watu wa afya ya jamii wanapaswa kulipwa kulingana na kazi yao. Mahali ambapo hakuna malipo, wengine wanaacha, na wengine wanaanza kuuza dawa ambazo zilipaswa kutolewa bure. Kijiji kinaumia kwa njia zote mbili.

Kile kijiji kinaweza kutengeneza mapema

Reko hafanyi kila kitu. Mama mwenye mimba anapaswa kwenda kituoni kupewa dawa ya kukinga. Familia inapaswa kulala ndani ya mustikere, si kuvulia samaki nayo. Chanjo ya malaria, ambayo Kongo ilianza kuitoa mwaka 2024 katika jimbo la Kongo Central, inapunguza ugonjwa lakini haiondoi kipimo wala dawa.

Safari ya mgonjwa ni jambo ambalo kijiji kinaweza kulipanga hata bila mfadhili. Kuna vijiji vyenye kuchanga pesa kidogo kila mwezi kwa ajili ya pikipiki ya dharura, vyenye kuwa na kipoyi tayari na vijana wa kukibeba kwa zamu, na vyenye kupatana na mwenye mtumbwi kwamba usiku wa mtoto mgonjwa habishani bei. Mtoto anapofikishwa kwa njia hiyo, akiwa na karatasi ya reko mkononi mwa mama yake, muganga wa kituo anajua tayari alipimwa saa ngapi, alipewa nini, na aendelee kutoka wapi.